Halo-halo ya nyumbani: blenda, mashine ya mkono au maziwa ya kugandisha?

Bi_Kibokoni (Mombasa)

Asalaam alaykum jamani. Naomba msaada wa wanaojua. Nilipokuwa kazini Dubai, wenzangu wa Kifilipino walinizoesha halo-halo, na tangu nirudi nyumbani sijaionja. Kwa asiyeijua, ni glasi ndefu: chini maharage, ndizi na fenesi vilivyopikwa kwa sukari, jeli na sagu, juu yake barafu iliyokwanguliwa laini, halafu maziwa ya kopo yasiyo na sukari, na kileleni kipande cha pudini ya mayai, jamu ya kiazi cha zambarau na aiskrimu. Unavuruga vyote kwa kijiko kirefu ndipo unakula.

Nataka kuwaandalia wageni wa Idi, kama watu ishirini hivi. Kwa joto hili la kaskazi sidhani kama kuna kitakachowafurahisha zaidi. Vya chini nitapika mwenyewe. Barafu ndiyo inayonitatiza. Blenda ninayo. Mashine ya kuzungusha kwa mkono nimeiona dukani, bei yake si mbaya. Na kuna aliyeniambia nigandishe maziwa yenyewe kwenye bakuli kisha niyakwangue kwa uma. Nishike ipi?

Jiko_la_Temeke

Wa alaykum salaam dada. Blenda iweke ya mwisho. Visu vyake havikwangui, vinapasua. Utapata chenga, nyingine kubwa kama punje za mahindi, nyingine zimeshageuka maji. Chenga haishiki maziwa: yanateremka yote hadi chini, na ukivuruga unatafuna barafu kisha unakunywa maji matamu. Barafu iliyokwanguliwa hutoka vipande vyembamba, maziwa yanajipenyeza katikati yake na kutulia humo. Tofauti yote ya halo-halo nzuri na mbovu naiona hapo, si kwenye idadi ya vitu ulivyopanga chini.

Chukua mashine ya mkono, lakini angalia mambo mawili. Kisu kiwe cha kurekebishika, ukisogeze mpaka kitoe barafu nyembamba kabisa. Na usiitie barafu ikiwa imetoka tu kwenye friza. Friza ya nyumbani iko kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au karibu na hapo, barafu yake ni kavu na inavunjika ovyo. Iache mezani dakika chache mpaka uso wake ulowe na kung'aa. Hapo kisu kinateleza na barafu inatoka laini kama inavyotakiwa.

Maji yachemshwe kwanza yapoe, hata kama mmezoea kunywa ya bomba. Kugandisha hakuui vijidudu.

Kama mashine imekosekana kabisa na blenda ndiyo iliyopo, saga kidogo kidogo kwa kubonya na kuachia, mwaga kwenye chujio maji yatoke, tandaza kwenye sinia na urudishe kwenye friza hadi wakati wa kupakua. Italika, ila haitakuwa ile uliyoizoea Dubai.

Shemeji_wa_Pampanga (Maskati)

Mke wangu ni mtu wa Pampanga, mkoa ulio kaskazini ya Manila ambao Wafilipino wenyewe wanausifu kwa mapishi. Nimemsomea swali lako na amenituma niseme hivi: kabla ya kuchagua mashine, chagua kwanza unataka halo-halo ya namna gani.

Ile uliyoieleza ndiyo ya kawaida ya Manila na ya migahawa kama Chowking, kila kitu kimo. Kwao, mji wa Guagua, kuna mgahawa wa Razon's, maarufu kwa kutia vitu vitatu tu: ndizi ya aina iitwayo saba iliyopikwa kwa sukari, nyama laini ya makapuno, ile nazi isiyo na maji ndani bali imejaa nyama laini kama jeli, na pudini ya mayai. Basi. Hakuna maharage, hakuna jeli, hakuna rangi rangi. Barafu yao ni laini mno, inayeyuka ulimini kabla hujaitafuna. Arayat, mkoa huohuo, wanatia mahindi laini, maharage yaliyopondwa na vitamu vya maziwa ya nyati wa kufugwa. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba bila vitu kumi na viwili si halo-halo.

Anachosisitiza mke wangu ni kwamba ukipunguza vya chini, barafu haina pa kujificha. Ya vitu vitatu inadai mashine nzuri. Yenye mchanganyiko mwingi inasamehe barafu ya kukwaruza kidogo, maana mdomo una mengine ya kushughulika nayo.

Kuhusu kugandisha maziwa, hiyo iko karibu zaidi na bingsu, barafu ya maziwa ya Wakorea. Ni tamu, sikatai. Lakini katika halo-halo barafu ni maji matupu, na maziwa huja baadaye yakiwa ya majimaji. Utamu wa chini ni mkali sana kwa sababu ya sukari. Barafu isiyo na ladha ndiyo inayoupoza. Ukiweka maziwa juu ya maziwa, kinakuwa kizito, na mtu anashiba nusu glasi.

Tena historia yenyewe ni ya barafu. Manila ilipata kiwanda cha barafu mwaka 1902, chini ya utawala wa Wamarekani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani waliohamia huko walikuwa wakiuza barafu ya kukwangua yenye maharage matamu na maziwa, na Wafilipino wakaendelea kuongeza matunda na jeli zao.

Kaka_wa_Toronto

Nampinga shemeji kidogo. Mimi nakaa kwenye fleti ndogo na sina pa kuweka mashine. Nagandisha maziwa yaliyotiwa sukari kidogo kwenye bakuli bapa, na kila baada ya nusu saa nayachokoa kwa uma. Sukari na mafuta ya maziwa yanazuia yasigande kuwa jiwe, kwa hiyo hata mtoto anaweza kuyakwangua. Cha kufanya ni kupunguza sukari ya vitu vya chini na kutomimina maziwa mengine juu. Watu wanne au watano inatosha vizuri. Kwa ishirini, hapana, friza ya nyumbani haiwezi kubeba bakuli zote hizo.

Mwana_wa_Wete

Dada Kibokoni, nimefurahi kuona swali hili, kwa sababu vitu vingi ambavyo watu wanadhani ni lazima viagizwe Ufilipino sisi tunavyo pwani.

Kiazi chao cha zambarau, ube, ni kiazi kikuu. Mmea ni huohuo. Huku Pemba kinalimwa sana, na ukimuuliza muuzaji akuchagulie chenye nyama ya zambarau unaweza kukipata. Kichemshe mpaka kiive kabisa, kimenye, kikune au ukiponde laini. Nusu kilo kwa kopo moja la maziwa mazito ya sukari na kikombe cha tui zito, moto mdogo, koroga bila kuondoka mpaka kijiachie sufuriani. Siagi kidogo mwishoni. Ukikosa cha zambarau tumia cheupe, na tafadhali usitie rangi ya dukani. Wageni wataipenda kwa ladha.

Halafu pepeta! Wafilipino hunyunyiza juu mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, wanaita pinipig. Wao hutumia mpunga wa kunata, lakini pepeta yetu ni kazi hiyohiyo. Ipashe kwenye kikaango kikavu mpaka ialike, iweke kwenye chombo chenye kifuniko, na uinyunyize dakika ya mwisho. Ikikaa juu ya barafu inalowa na utamu wake unakwisha.

Jeli tumia chaina grasi ya faluda. Usitumie jelatini kwa joto la Mombasa, italegea mezani. Chaina grasi ikishashika haiyeyuki mpaka uipeleke tena motoni. Ndizi saba sijaiona huku. Bokoboko iliyoiva, ile fupi nene yenye pembe, ndiyo naiona inakaribia, na ukiikosa mkono wa tembo. Badala ya makapuno, komba nyama laini ya dafu uichemshe kidogo kwenye shira. Fenesi mnalo. Kitu pekee ambacho sina badala yake ni kaong, tunda la mchikichi wao wa sukari, na mimi naliacha tu.

Bi_Kibokoni (Mombasa)

Mwana wa Wete, Mungu akubariki. Pepeta haikunijia akilini kabisa! Shangazi yangu huniletea kila msimu.

Nimeshaamua mashine ya mkono. Shemeji, mwambie wifi nitafanya ya katikati: ndizi, dafu, jeli, choroko na pudini. Swali la mwisho ni la maharage. Nimeona watu wakilalamika kwamba yanakuwa magumu yakikutana na barafu.

Jiko_la_Temeke

Ni sukari, si barafu. Ukiitia mapema, punje inagoma kulainika. Pika choroko kwa maji matupu mpaka ukibonya kwa kidole inapondeka, ndipo utie sukari, chemsha kidogo, na uziache zilale kwenye shira yake usiku kucha. Maharage mekundu vivyo hivyo, yakihitaji muda zaidi.

Kwa watu ishirini, kila kitu kipikwe siku moja kabla, kila kimoja na bakuli lake, na shira uichuje kabla ya kupakua; shira ikizidi chini inakula barafu. Glasi na maziwa vyote viingie kwenye friji asubuhi. Gandisha barafu kwenye vibakuli vinavyoenea kwenye mdomo wa mashine, kuanzia siku mbili kabla. Vya chini vipange kwenye glasi zote kabla wageni hawajakaa. Barafu usiikwangue mapema: mtu mmoja azungushe mashine, mwingine amimine maziwa, wa tatu aweke pudini, kiazi na pepeta, glasi nne nne zitoke kwenda mezani.

Shemeji_wa_Pampanga (Maskati)

Wifi yako anasema sawa, ila maziwa uyamimine polepole kuzunguka ukingo, usiyamwage katikati yakatoboa barafu. Na choroko zisizidi vijiko viwili kwa glasi.