Kidole kikigoma kusoma, kosa la mzee au la mashine yenu?

Wakuu, huu upuuzi wa alama za vidole umenifika hapa.

Mzee wangu ni fundi ujenzi, anashika saruji na tofali tangu mimi sijazaliwa. Kaibiwa simu, kaenda kwa watu wa mtandao kurudisha laini, na humo ndani kuna hela ya mafundi wenzake. Kidole gumba, wapi. Cha shahada, wapi. Kijana wa kaunta anapangusa kioo kwa shati lake, anamwambia mzee asugue kidole kwenye nywele kipate mafuta. Mzee mwenyewe ana kipara! Mwisho anatamkiwa mbele ya foleni nzima: "Mzee, wewe huna alama za vidole." Kana kwamba kaja na mikono ya kuazima.

Tuelewane. Ile mashine haikujui. Siku ulipoandikishwa NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, walichukua alama zako, mfumo ukaweka kumbukumbu ya mahali vile vistari vya ngozi vinapokatika na vinapogawanyika. Leo ukiweka kidole, inalinganisha na kutoa maksi. Zikifika kiwango umepita, zisipofika basi wewe si wewe. Na hicho kiwango hakikushuka toka mbinguni, kuna mtu kakaa ofisini akakipanga. Akikipandisha wanakataliwa wenye haki, akikishusha wanapita matapeli. Saruji inakula ngozi, hilo kila fundi analijua. Mkulima wa jembe, mama lishe anayeshinda kwenye masufuria, wazee wetu, wote kundi moja.

India kwenye Aadhaar, mfumo wao wa utambulisho wa raia na wakazi, wanachukua vidole vyote 10, mboni za macho yote 2 na picha ya uso, kimoja kikigoma kipo kingine. Na bado huko kuna watu wamekosa mgao wa chakula kwa sababu ya mashine. Sisi Tanzania usajili wa laini kwa vidole tulianza Mei 2019, mpaka leo kijana wa kaunta anachojua ni "weka tena".

Hiyo "weka tena" nayo ina mambo yake. Wapo mawakala wa mitaani, unaweka mara ya pili, ya tatu, kumbe ya kwanza ilishasoma, hizo nyingine anasajilia laini za watu usiowajua. Pigeni *106# muone laini ngapi ziko kwenye namba yenu ya NIDA, wengine mtashtuka. Yaani tapeli anapata laini kwa kidole cha mtu, mwenye kidole chake ananyimwa laini yake mwenyewe!

Kitambulisho chenye picha kipo mkononi, uso ni ule ule, kwa nini kidole peke yake ndicho kiwe na kauli ya mwisho? Mdau anayefanya kazi kwenye hii mifumo aje hapa atuambie: kiwango anapanga nani, na mtu akikataliwa anakata rufaa wapi?