Intaneti ya laini ya simu inakatika kila mara, naombeni msaada

Nyotamchana: Habari zenu wakuu. Nyumbani natumia intaneti ya kupiga kwa laini ya simu, modemu ya 56K, ile ya kukaa nje ya kompyuta. Ikiunga inaonyesha 49,333, mara nyingine 50,666, lakini haikai. Muda mfupi tu inakatika yenyewe, napiga upya. Mvua ikinyesha ndiyo balaa kabisa. Hata ikitulia, faili linashuka kwa kilobaiti 4 hadi 5 kwa sekunde, ilhali modemu imeandikwa 56. Mwanangu anafanyia mazoezi ya masomo mtandaoni, laini ikikatika katikati anaanza upya, na inaniuma kumwona hivyo. Ninunue modemu nyingine?

MzeeWaModemu: Usinunue kwanza, mkuu. Hiyo 56 ni kilobiti kwa sekunde, na programu ya kupakua inahesabu kilobaiti. Baiti moja ni biti nane. Gawanya biti 49,333 kwa nane unapata kama kilobaiti 6, toa data za kuongozea pakiti na zile zinazotumwa upya kwa sababu ya makosa, unabaki na hizo hizo 5. Faili la megabaiti moja litachukua dakika tatu hadi nne hata ukinunua modemu mpya. Kitakachokusaidia ni kuzima picha kwenye kivinjari na kuzuia programu zinazojisasisha zenyewe, maana zinakalia laini bila wewe kujua.

Kukatika ndilo tatizo lenyewe. Inua mkono wa simu, bonyeza namba moja ili ule mlio wa kupigia unyamaze, kisha sikiliza. Laini nzima huwa kimya. Ukisikia mkwaruzo au mvumo, tuambie.

Nyotamchana: Mkwaruzo upo, tena mkubwa. Modemu iko chumba cha nyuma, waya wake mrefu umepita chini ya zulia sambamba na waya wa umeme. Kwenye laini hiyo hiyo kuna simu mbili na faksi.

FundiLaini: Chomoa vyote, simu, faksi, kila kitu. Beba modemu na kompyuta hadi soketi ya kwanza, pale laini inapoingilia nyumba, uchomeke kwa waya mfupi. Ikitulia hapo, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Isipotulia, uko nje, na kwa hilo la mvua mimi nashuku maungio yaliyoingia maji. Huko nje usifungue kitu mwenyewe: laini ikiwa kimya tu ina takriban volti 48, na simu ikiita zinapanda.

Tumaini_K: Naongezea: je, inakatika mtu anapokupigia? Kama una huduma ya kusubirisha simu, ule mlio wa kukujulisha unatosha kuangusha muunganisho. Izime kabla ya kuunga. Modemu za V.92, kiwango cha mwaka 2000, zinaweza kusubirisha intaneti wakati unapokea simu, ila mpaka mtoa huduma wako awe anakubali.

Nyotamchana: Huduma hiyo sina. Nimejaribu soketi ya kwanza, mkwaruzo umepungua sana ila haujaisha. Muunganisho umedumu zaidi, mwishoni ukakatika.

FundiLaini: Basi una matatizo mawili. La ndani ni waya wa chini ya zulia: weka mpya wa jozi iliyosokotwa, mfupi uwezavyo, mbali na umeme. La nje ni la kampuni ya simu. Ukiwapigia sema simu ina mkwaruzo mtu akiongea. Usianze na intaneti, utajibiwa kuwa laini ni ya sauti.

Tumaini_K: Wakati unawasubiri ongeza S10, ule muda ambao modemu huvumilia kabla ya kukata ikipoteza mawimbi. Kwa kawaida ni 14, yaani sekunde 1.4. Andika ATS10=50.

MzeeWaModemu: Hilo linasaidia kelele ikiwa ya kupita. Kwa laini inayokwaruza muda wote ningeshusha kasi. V.90, kiwango kinachotumiwa na modemu za 56K, haivumilii kelele. Weka AT+MS=V34, inayoilazimisha itumie kiwango cha polepole cha V.34, kwenye amri za ziada za modemu; nyingi zinaikubali, ila thibitisha kwenye kitabu chake. Utashuka hadi 33,600 au chini yake, lakini kinachopungua ni kasi ya kupakua tu. Kutuma kwa V.90 hakuvuki 33,600 hata laini ikiwa safi. Kwa mtoto anayesoma, 31,200 isiyokatika inafaa kuliko 50,666 ya dakika chache.

Nyotamchana: Nimeweka ya V34. Inaunga kwa 31,200 na mwanangu amemaliza zoezi zima bila kukatika. Asanteni sana! Kampuni ya simu imeahidi kutuma fundi. Akishamaliza, naiacha amri hii?

MzeeWaModemu: Sikiliza laini kwanza, ikiwezekana baada ya mvua. Ikiwa kimya, futa amri hiyo, rudisha modemu kwenye mipangilio ya kiwandani kwa AT&F, uunge. Ikianza kukatika tena, irudishe V34 hapo hapo na umwite fundi upya.

FundiLaini: Na radi ikianza, chomoa modemu kwenye soketi ya simu pamoja na ya umeme. Kuizima tu hakutoshi.