Majirani Chikongola

*Ijumaa*

Mama Zuhura 18:41
Asalaam aleikum majirani. Mwalimu kamaliza dozi yake ya TB, miezi 6 yote, hakuruka. Makohozi yamepimwa, safi. Anataka kurudi kuwafundisha darasa la saba pale barazani kwake. Mtihani Septemba, na watoto wetu asilimia bado zinawashinda. Nani analeta mtoto kesho?

Mama Zuhura 19:20
Tiki za bluu naziona. Semeni basi.

Baba Shamte 19:31
Waalaikum salaam. Alhamdulillah kwa Mwalimu. Naleta mapacha.

Fundi 19:33
Leta na ubao, ule uliozibia banda la kuku

Baba Shamte 19:34
Kuku wale saa hizi wanajua kuzidisha 😂

Mjomba Dula 19:34
Ndio maana trei ya mayai inapanda kila wiki 😂😂

Mama Zuhura 19:40
Ubao niuone kesho kabla ya saa nne. Chaki nanunua mimi, kila nyumba itoe buku. Jumamosi na Jumapili, saa kumi jioni, lisaa limoja basi. Mwalimu atakaa kwenye kiti, mwili bado haujarudi. Mtoto mkubwa ndiye aandike ubaoni.

Mama Nasri 20:15
Samahani, nauliza tu. Kile kifua, watoto hakitawapata?

Mama Zuhura 20:17
Nesi alikuja mtaani akatueleza, na wewe ulikuwepo. Mgonjwa wa TB akishika dawa vizuri, baada ya wiki chache kwa kawaida haambukizi tena, seuze aliyemaliza akapimwa. Halafu pale ni barazani, upepo unapita.

Mama Nasri 20:19
Sijakataa.

Saumu 20:24
Bombani hukusema hivyo. Ulisema kikombe cha Mwalimu kisiguswe. Ukamtoa Nasri, wenzio wakafuata, baraza likabaki tupu yule mtu angali anakohoa.

Mama Nasri 20:26
Na wewe uji ulimpelekea lini?

Saumu 20:27
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Fundi 20:28
Jamani nani ana ming'oko? Nina wageni kesho

Mama Zuhura 20:28
Fundi si sasa!

Mjomba Dula 20:30
Mwalimu yumo humu humu kikundini.

Bibi Somoe 21:12
🎤 1:06

Bibi Somoe 21:17
Ni mjukuu wake. Bibi kasema niwaandikie msiosikiliza: "Huyu kijana ndiye aliyekuwa akinisomea barua za mwanangu macho yaliponipotea, hakunidai hata senti. Watoto wenu walipofaulu mlipita hapa na vigelegele. Alipougua mkawa mnazunguka njia ya nyuma. Kesho nikishaswali Alasiri nakwenda kukaa barazani kwake, na maji nitayanywa kwa kikombe chake. Anayeogopa abaki kwake, na maneno yake abaki nayo huko huko."

Mama Nasri 21:40
Shikamoo Bibi. Nimesikia.

Mwalimu 22:03
Shikamoo Bibi. Ahsanteni majirani. Mama Nasri aliuliza jambo la haki, mzazi lazima aulize. Ninaloomba: yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, mkubwa kwa mdogo, aende akapimwe. Dawa za TB ni bure. Watoto waje na daftari la hesabu na rula. Naanza na sehemu, asilimia zitafuata. Nimewakumbuka sana.

Mama Zuhura 22:06
Ninao mapacha, wa Saumu na wangu. Mama Nasri? Mama Jamila? Fundi, wako je?

*Jumamosi*

Baba Shamte 06:50
Ubao umepasuka upande mmoja. Mie niko njiani Mikindani, narudi adhuhuri.

Mama Zuhura 06:52
Nilisema saa nne!

Fundi 07:05
Nautoa mimi, nitaupiga misumari. Rangi nyeusi nani anayo? Wangu atakuja.

Mama Jamila 09:14
Ndio naona sasa hivi. Ni saa kumi ya leo au kesho?

Mama Zuhura 09:15
LEO. Rangi bado. Mama Nasri nasubiri jibu lako.