Mama yuko Goma, kibali kimekataliwa: rufaa au kuanza upya?

Dada wa Leicester

Jambo kwenu wote. Naandika usiku kwa sababu mchana ninatunza wazee wa watu wengine, na mzee wangu mwenyewe yuko Goma, mtaa wa Katindo, peke yake.

Wengine munajua habari yangu. Nilitoka Liège 2014 na pasipoti ya Ubelgiji, nikaingia Uingereza bila viza, bila kuulizwa kitu. Hadhi ya kudumu ya EUSS, ule mpango wa Uingereza wa kuwaacha watu wa Ulaya na familia zao wakae baada ya nchi kutoka Umoja wa Ulaya, nilipata 2020. Mama ana miaka 71, ni mjane. Tukamjazia kibali cha familia cha EUSS. Alivuka Petite Barrière, kile kituo cha mpaka cha kuingia Rwanda, akapanda basi mpaka Kigali, akatoa alama za vidole, akalala siku mbili kwa mjomba, akarudi.

Jibu limefika juzi: hapana. Wanasema mambo mawili. La kwanza, sijaonyesha kwamba mama anaishi kwa pesa yangu. Lakini tangu Januari 2025 benki za Goma zilipofunga, pesa natuma kwa mtoto wa shangazi aliye Gisenyi, upande wa Rwanda. Yeye anaitoa, anavuka nayo kwa miguu, anampa mama mkononi. Kwa hiyo risiti zote zina jina lake, hakuna hata moja ya mama. La pili ni cheti changu cha kuzaliwa. Cha zamani kilikuwa kwenye sanduku, na lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita juu ya nyumba yetu pamoja na lile sanduku. Nilichopeleka ni karatasi ya mahakama inayochukua nafasi ya cheti. Wanasema haiwatoshi.

Barua inasema niko na siku 28 za kukata rufaa. Swali langu ni hili tu: nikate rufaa, au nianze maombi mapya na ushahidi zaidi? Aliyepita njia hii aniambie. Aksanti.

Fundi wa Liège

Pole sana dada. Kwanza tuambie: pasipoti ya Uingereza umekwisha kuchukua? Kama umechukua, EUSS imekufia mkononi. Umekuwa Mwingereza, na mama yako anahesabiwa mama wa Mwingereza. Hiyo njia ya wazazi wa Waingereza inapita pauni 3,000 kwa maombi tu, na inabidi uonyeshe kwamba mama hawezi kujihudumia na kwamba kule nyumbani hakuna wa kumtunza.

Mimi nilikuwa Peterborough 2016. Asubuhi ya tarehe 24 Juni, siku moja baada ya kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, nilifika kiwandani, Wapolandi wote kimya, na msimamizi wetu, mtu mwema kabisa, alikuwa anaogopa kututazama usoni. Tulilipa kodi kama yeye, lakini kura ile haikuwa yetu. Mtu wa Jumuiya ya Madola anayeishi pale alipiga. Sisi wa pasipoti za Ubelgiji, Ufaransa na Ureno tulitazama tu. Asilimia 52 kwa 48, basi. Picha ambayo waliotaka kutoka waliibandika barabarani kabla ya kura, ya msururu wa wakimbizi, ilipigwa kule Slovenia, siyo Dover. Nilikaa mpaka 2021 nikarudi Ubelgiji. Sikujuta.

Mwalimu wa Kigali

Ndugu wa Liège, usipotoshe watu. Huyu dada ana barua mkononi na siku zinahesabika, wewe unampa hofu isiyo na msingi.

Mtu wa Ulaya aliyeishi Uingereza kwa haki zake za Ulaya, kisha akachukua uraia wa Uingereza, hapotezi nafasi ya kuwaita wazazi kwa EUSS. Ilimradi alikuwa anakaa kule kabla ya tarehe 31 Desemba 2020, siku kipindi cha mpito kilipokwisha. Undugu nao uwe ulikuwepo kabla ya tarehe hiyo, na mama hawezi kuwa mama yako tangu juzi. Nchi ilitoka tarehe 31 Januari 2020, lakini sheria za kusafiri zilibaki zile zile mpaka mwisho wa mwaka ule. Watu wanachanganya hizi tarehe mbili halafu wanalia.

Jambo gumu kwake ni utegemezi. Zamani mzazi hakuombwa kuthibitisha. Waliochelewa, baada ya Juni 2021, wanaombwa. Dada, aliyepokea pesa Gisenyi aandike barua, aweke nakala ya kitambulisho chake, na ikiwezekana mihuri ya kuvuka mpaka iendane na tarehe za risiti. Nilifanya hivyo kwa shemeji yangu.

Fundi wa Liège

> usipotoshe watu

Nimesema nilichokiona. Jirani yangu wa Peterborough walimkatalia hivyo hivyo. Na huyo shemeji wako alipata au hakupata? Hujasema.

Mwana wa Birere, Lille

Samahani kuingilia. Kwa nini mama asipitie Irlandi? Akipata viza ya Dublin, kuna basi mpaka Belfast, upande wa Uingereza, hakuna barieri hata moja. Mtoto wa kaka yangu alipita, hakuona hata askari.

Kaka wa Belfast

Ndugu yangu, tafadhali usiandike hivyo mahali watu wanasoma. Ninaishi hapa mwaka wa tisa. Ni kweli mpaka huu wa karibu kilomita 500 hauna kizuizi. Una njia zaidi ya 200 za kuvuka, na mtu anajua amevuka kwa sababu vibao vya barabarani vimebadilika kutoka kilomita kwenda maili. Lakini kutokuwa na barieri hakumpi mama ruhusa. Akikamatwa ndani ya basi, na askari wa uhamiaji hupanda basi hilo mara kwa mara, atarudishwa, na jina lake litabaki na doa kwenye kila ombi litakalofuata. Mama wa miaka 71 usimfanye mtu wa kujificha.

Na muelewe kwa nini hawakuweka barieri. Watu wa hapa waliuana miaka thelathini. Mkataba wa 1998 ndio uliondoa minara ya askari kwenye vilima. Uingereza ilipotoka kwenye Umoja wa Ulaya, huu ukawa mpaka wa Ulaya wa nchi kavu, na wote wakaogopa kuugusa. Wakahamishia ukaguzi wa bidhaa bandarini, upande wa bahari. Mara ya kwanza niliposikia hilo nilifikiria kwetu: je, nani aliwahi kuogopa kugusa mpaka wetu kwa sababu ya watu wanaoishi juu yake?

Wale waliopiga kura ya kutoka walitaka mpaka ulindwe. Nawaelewa, mtu ana haki ya kujua nani anaingia kwake. Lakini siku ileile ya mwisho wa 2020 polisi wao wakapoteza mtandao wa SIS, ambamo Ulaya nzima inaandikiana majina ya wanaotafutwa. Hata utaratibu wa kumrudisha mwomba hifadhi kwenye nchi ya kwanza alikopita ulikwisha kwao. Miaka miwili baadaye watu zaidi ya 45,000 walivuka mkondo wa bahari kutoka Ufaransa kwa mitumbwi ya plastiki.

Mzee wa Himbi, Goma

Wanangu, nawasoma. Intaneti inakuja na kukatika, mutanisamehe.

Munaongea Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya. Sisi hapa jirani yetu Rwanda alitoka CEEAC, muungano wa uchumi wa nchi za Afrika ya Kati, tarehe 7 Juni 2025, kule Malabo. Zamu ya kuongoza ilikuwa ya Rwanda, ikabakizwa kwa Guinea ya Ikweta, Kigali ikakasirika ikasema Kinshasa imeuteka muungano. Kinshasa nayo inasema huwezi kuongoza nyumba huku askari wako wako kwenye chumba cha mwenzako. Kigali inajibu kwamba inalinda mpaka wake dhidi ya FDLR, wale waasi wa Rwanda walio Kongo. Mambo mengine siandiki, munajua ninakaa wapi.

Nataka kusema juu ya barieri, kwa sababu vijana muliondoka zamani. Kabla ya Juni 2022 mtu alikunywa chai Gisenyi jioni akarudi kulala Birere. Baada ya yule askari wetu kupigwa risasi Petite Barrière, wakaanza kufunga saa tisa alasiri. Saa tisa! Mama wa mboga anayevuka asubuhi na karai ya nyanya hajamaliza hata nusu. Nimeona wamama wakikimbia na watoto mgongoni ili barieri isiwafungie upande ule. Tangu hapo saa zimebadilishwa mara nyingi, lakini mwili haukusahau; mpaka leo nikiwa Gisenyi, ikifika saa nane naanza kutazama saa.

Dada wa Leicester, mama yako alivuka mpaka huo kwenda kutoa vidole. Wao wameona karatasi tu.

Fundi wa Liège

Mzee, heshima yako. Lakini sasa Rwanda ikiwa imetoka, kuvuka kutakuwa na viza. Mama huyu atafanyaje akiitwa tena Kigali?

Mwalimu wa Kigali

Hapana tena! CEEAC si EAC. Kongo iliingia EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki, 2022, na Rwanda imo, haijatoka. Na kabla ya hizo kuna CEPGL, jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi, iliyoundwa 1976 na makao yake ni hapo hapo Gisenyi. Watu wa Goma na Gisenyi wanavukia mambo hayo, hawavukii CEEAC. Rwanda iliwahi kutoka CEEAC 2007 ikarudi baadaye, na nani kati yenu aliona tofauti kwenye barieri?

Tazameni Mali, Burkina Faso na Niger. Walitoka CEDEAO, muungano wa Afrika Magharibi, tarehe 29 Januari 2025, na siku hiyo hiyo CEDEAO ilitangaza kwamba watu wa nchi hizo waendelee kusafiri bila viza kwa pasipoti zenye nembo yake, mpaka itakapotangazwa vingine. Marais wanagombana, mfanyabiashara wa vitunguu bado anavuka.

Kaka wa Belfast

Tarehe 29 Januari 2025. Hakuna hata mmoja aliyeandika habari hiyo hapa. Goma ilikuwa imechukuliwa na waasi wa M23 siku mbili kabla na sisi sote tulikuwa tunaandikiana majina tu. "Nani amempata mama yangu Majengo." "Nani ana namba ya mtu wa Ndosho." Nilipekua ujumbe wa siku zile jana usiku nikashindwa kuendelea.

Mwana wa Birere, Lille

Swali lingine juu ya hilo. Karatasi iliyopigwa muhuri Goma baada ya Januari 2025, inakubalika huko Ulaya? Dada, hiyo ya mahakama ni ya tarehe gani? Kama ni ya hawa wa sasa, Kinshasa haiitambui.

Fundi wa Liège

Na isitambuliwe! Ukikubali muhuri wao, umekubali na wao.

Mzee wa Himbi, Goma

Mwanangu wa Liège, watoto wanaozaliwa hapa leo wazaliwe bila karatasi? Nani atawaandika? Wewe uko na karatasi za nchi mbili kabatini.

Fundi wa Liège

Mbili hapana, mzee. Katiba yetu kifungu cha 10 inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, haushikwi pamoja na mwingine. Nikichukua wa Ubelgiji nimepoteza wa kwetu. Nikitaka kumzika baba yangu Goma naomba viza, nalipa, nasubiri, kama mgeni. Usinihesabie utajiri ambao siko nao.

Mlinzi wa orodha

Ndugu, tunasimama hapo. Tuna watu wa pande zote humu, na wengine wanaandika kutoka mahali ambapo neno moja linaweza kuwaumiza. Turudi kwa dada.

Shangazi wa Ottawa

Mimi sina jibu la EUSS, huku hatuna hiyo. Ila Mzee aliposema Himbi nimekaa chini. Asubuhi, ukungu juu ya ziwa, wavuvi wa sambaza wanarudi wakiimba, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja. Chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, zinashuka na makala ya kupikia kutoka juu. Jibini ya Masisi niliipata hapa mara moja, imeletwa kwenye sanduku la mtu, nikaila yote nikiwa nimesimama jikoni.

Mama yangu alifariki 2023 nikiwa nasubiri karatasi. Dada, usichoke. Tuma ombi lolote, lakini usiache.

Dada wa Leicester

Aksanti kwa wote, hata waliogombana. Najibu: pasipoti ya Uingereza sijachukua. Karatasi ya mahakama ni ya 2019, kabla ya mambo haya. Mtoto wa shangazi atatuma barua na kitambulisho. Mihuri ya kuvuka hana, anavuka na jetoni, kile kikaratasi cha kuvukia cha siku moja, wanaichukua jioni akirudi.

Zimebaki siku tisa. Bado sijajua: rufaa, au maombi mapya? Mwalimu, shemeji wako alifanya ipi?

Mwana wa Birere, Lille

Dada, kuna wakili mmoja wa bure alikuwa anasaidia watu wetu Leicester, lakini nasikia amehama. Nitauliza.

Mzee wa Himbi, Goma

Nimepita Katindo leo baada ya misa. Mama yako yuko salama, mguu umepungua kuvimba. Amenipikia sombe, nikakaa mpaka jioni. Bahasha ya ile barua ameiweka chini ya Biblia, hajui imeandikwa nini, sikumsomea. Ameniuliza kama baridi ya huko inaingia mpaka ndani ya nyumba. Nikamwambia nitakuuliza.