Kanda yako mwenyewe ukiihamishia kwenye flash, ni wizi?

Mwana Likoni
Jamani, tusaidiane. Kuna anayeshikilia kwamba kunakili muziki ni wizi, iwe kanda yako au ya jirani. Haya, mtu ana kanda za taarabu alizozinunua kwa pesa zake, za waimbaji kama Juma Bhalo, Zein, Maulidi Juma. Akizihamishia kwenye flash asikilize nyumbani kwake, ameiba nini, na amemwibia nani?

Msoma Sheria
Hajaiba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 28(3): nakala moja ya rekodi, kwa matumizi ya binafsi ya anayeitengeneza, si kosa. Lakini isomeni mpaka mwisho. Hapo hapo mwenye hakimiliki ya rekodi amepewa haki ya fidia, itokane na tozo ya vifaa vya kurekodia na kanda tupu, ilipwe na mwenye kiwanda au mwagizaji. Yaani alipwe tangu bandarini, kabla mali haijafika dukani. Na liangalieni neno "anayeitengeneza". Ukimpa fundi akunakilie kwa malipo, huko kifungu hakikulindi.

Bi Mkubwa wa Tudor
Nakala moja ya wapi? Flash ya GB 8, nyimbo za MB 5, zaingia kama 1,500 na mtunzi hapati hata ndururu. Nyinyi mafundi ndio mliowamaliza wasanii wa pwani! Na kanda zenyewe zishakufa, zalia kama mtu aimbaye ndani ya mtungi. Zitupeni, mkanunue nyimbo mtandaoni.

Fundi Kibokoni
Bi, hilo la mtungi silipitishi. Kanda haijafa. Sauti ikifunikwa namna hiyo, mara nyingi ni hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma kanda: ama ina uchafu, ama imekaa upande. Kwanza isafishe kwa pamba na spiriti safi, ile isiyo na rangi, usugue mpaka pamba itoke nyeupe. Kisha chukua bisibisi ndogo, tafuta skrubu ya pembeni ya hedi yenye springi, cheza kanda, uizungushe polepole, robo mzunguko hivi, huku ukisikiliza matari na herufi "s" za mwimbaji. Zikisikika wazi, acha. Kwa kanda nyingine, hedi irekebishe upya, kwa sababu kila kanda hufuata deki iliyoirekodi. Na huko mtandaoni utazipata wapi kanda za harusi zilizorekodiwa papo hapo?

Kijana Bamburi
Fundi, spiriti hapana! Mpira wa ile roli inayovuta kanda hukauka, unapasuka, kisha kanda inatafunwa. Watu wamepoteza kanda kwa ushauri kama huu.

Fundi Kibokoni
Soma kwanza ndipo unikosoe, mwanangu. Nimeandika hedi, ambayo ni chuma. Roli ni kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kisha uache ikauke kabisa. Usinitilie maneno mdomoni.

Msoma Sheria
Narudi kwenye swali. Mkihifadhi faili kubwa ya WAV, halafu mkatoa MP3 ya simu, hizo ni nakala mbili. Sheria imesema moja. Na miaka 50 ya ulinzi wa rekodi huhesabiwa tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa: ya 1978 inalindwa mpaka mwisho wa 2028. Mtunzi ana ulinzi wake mbali, maisha yake na miaka 50 baada ya kufa.

Bi Mkubwa wa Tudor
Hapo ndipo paniumapo! Kifungu hicho cha tozo chamtaja mwenye rekodi. Mshairi aliyetunga maneno yu wapi? Taarabu bila shairi ni nini?

Kijana Bamburi
WAV ni lazima, MP3 imeshapunguzwa. Saa moja ya WAV ya stereo kwa kiwango cha CD, yaani kHz 44.1, biti 16, hula kama MB 635. Waya utoke laini-auti ya deki, tundu la kutolea sauti, uingie laini-ini ya kompyuta, tundu la kuingizia, si tundu la maiki, sauti itapasuka. Kilele cha sauti kwenye kipimo cha kurekodia kisipite −6 dB. Lakini fundi, sufi ile ndogo ya nyuma ya kanda, inayoibana kanda kwenye hedi, ikibanduka je? Sauti yaja na kupotea.

Fundi Kibokoni
Swali zuri hilo. Usigundishe gundi ndani kwa ndani, itashika kanda. Tafuta kasha la kanda lililofungwa kwa skrubu, lenye sufi yake nzima, fungua yote mawili yakiwa yamelala mezani, uhamishe magurudumu pamoja na karatasi zake za kuteleza bila kuyageuza. Ukiona vumbi jeupe kwenye ukingo wa kanda, huo ni ukungu wa unyevu wetu huu. Uufute kwanza kwa pamba kavu, nje ya nyumba, umefunga pua. Ndipo uipeleke kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma mpaka mwanzo, mara moja, kabla ya kurekodi.