Sera ya kituo cha baada ya masomo: maoni ya watoto tunayapataje?

Mama_Pasua
Habari za jioni wadau. Kituo kipo Pasua, Moshi. Watoto 42, miaka 6 hadi 12, wanafika kuanzia saa nane na nusu mchana na wanachukuliwa saa kumi na mbili, wazazi wakishafunga biashara Mbuyuni. Tunaandika sera mpya: uji, kazi za shule, michezo, adhabu, nani aruhusiwe kumchukua mtoto. Kamati inataka maoni ya watoto, ila ukiwauliza wanaitikia tu "ndiyooo". Tufanyeje? Na ni lazima kisheria au hiari yetu?

Mdau wa Ustawi
Dada, si hisani. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki maamuzi yanayogusa ustawi wake.

Hiyo "ndiyooo" mnaitengeneza wenyewe. Kundi kubwa, mlezi mbele, swali la ndiyo au hapana: hapo mtoto anajiona yuko darasani. Wagawe sita hadi wanane, wa miaka 6–8 mbali na wa 9–12. Mambo ya choo, wasichana wakubwa waulizwe peke yao. Aongoze mtu asiyetoa adhabu. Dakika 30 kwa wadogo, 45 kwa wakubwa, tena baada ya uji. Mwenye njaa atakujibu uji tu.

Msianze na maswali. Watoto wawili wawili wawatembeze kituoni na chaki: duara wanapopapenda, msalaba wanapopakwepa. Ukifika kwenye msalaba uliza, "Hapa huwa panatokea nini?" kisha nyamaza. Usirudie swali lilelile, maana mtoto hudhani amekosea na kubadili jibu. Andika maneno yake kama yalivyo, hata kama Kiswahili kimepinda.

Kupiga kura kwa kunyoosha mikono achaneni nako, wadogo watamtazama kiranja. Pangeni makopo yenye picha za mambo ya kuchagua nyuma ya pazia la kitenge, kila mtoto apewe punje 3 za mahindi. Anaweza kuzigawa au kuzitia zote kopo moja, na hapo mnaona anachokitaka sana na anachokitaka kidogo. Punje moja moja haiwaonyeshi hilo.

Kaka Soweto
Naongeza, na kidogo napinga. Makopo si ya kila jambo. Kwanza tengeni yasiyojadiliwa: geti kufungwa, mtoto kuchukuliwa na aliyeandikishwa tu, kutopigwa. Ukiwapigisha kura jambo ambalo kamati imeshaliamua, mara ya pili hawatakwambia kitu. Tena mpira utashinda kura kila siku na wanaotaka kuruka kamba watabanwa ukutani. Hapo gaweni uwanja au siku, msihesabu punje.

Mtafiti wa masuala ya watoto, Roger Hart, mwaka 1992 aliupanga ushiriki wa watoto kama ngazi ya vidato 8, na vitatu vya chini akasema si ushiriki. Watoto kughani shairi siku ya kuzindua sera ambayo hawakuigusa ni pambo tu, wanaangukia huko chini.

Mama_Pasua
Asanteni sana. Na mtoto akitaja kupigwa nyumbani? Halafu wazazi wao wanachotaka ni tuisheni tu.

Mdau wa Ustawi
La kupigwa mliseme kabla ya kuanza: "Hatutasema nani kasema nini, ila mtu akiumizwa tutamwambia anayeweza kusaidia." Usiahidi siri yote. Likitokea, usimhoji kwa undani na usimwendee mzazi kwanza. Andika maneno yake na tarehe, mpelekee ofisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya bure ya mtoto.

Tuisheni msiulize "mnaitaka?" Ulizeni saa: vitabu mara wanapofika, au baada ya nusu saa ya kucheza? Matokeo ya makopo yawekwe mezani kwenye kikao cha wazazi kabla hawajaanza kuzungumza. Wakishaamua, ni vigumu kuwarudisha nyuma.

Kaka Soweto
Na majibu yarudi ndani ya siku 14. Bango la manila kwenye kimo cha macho ya mtoto, safu tatu: mlisema, tumefanya, imeshindikana kwa sababu gani. Hiyo ya tatu ndiyo wengi huiruka. Wasiojua kusoma wasomewe. Rudieni kila muhula kwa sababu watoto wapya wanaingia, na masika ikianza ramani ya maduara na misalaba ichorwe ndani, chaki ya uani haimalizi hata siku.