MREJESHO: Gari lililokuwa linatetemeka usukani kuanzia spidi 90

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliomba ushauri: usukani unatetemeka nikifika spidi 90, gari linavuta kushoto, na nina safari ya Dar kwenda Mbeya na familia. Wengi mlisema nisikimbilie kubadili bushi (zile raba za kwenye maungio ya miguu ya gari), nianze na matairi. Ahsanteni sana, mlikuwa sahihi.

Nilisoma zile tarakimu nne za ubavuni mwa matairi: 2314. Yaani yalitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2014! Kashata (yale meno ya tairi yanayoshika barabara) zilikuwa bado nzuri, ndiyo maana sikuwahi kuyashuku. Fundi tairi alipolitoa la mbele kushoto, akanishikisha mkono upande wa ndani. Uvimbe kama nusu limau, nyuzi zimekatika. Ukiwa umesimama nje ya gari huuoni kabisa. Nilinyamaza, nikawaza wanangu wanavyokaa siti ya nyuma.

Upepo nao nilikuwa najaza PSI 40 kwa mazoea, wakati kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 32, tena tairi likiwa la baridi.

Nimefunga manne mapya, nikafanya balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu) na alaimenti (kunyoosha uelekeo wake). Mtetemo umeisha, na gari linaenda lilivyonyooshwa. Wakati wa kurudi kutoka Mbeya, mlima Kitonga wenye mteremko mkali nilishuka kwa gia ndogo kama mlivyonielekeza, breki nikizigusa kwa vipindi. Hazikutoa hata harufu.

Kilichobaki ni spea, nayo ni ya umri uleule. Naibadili mwisho wa mwezi huu.